Pazia la Yuro Nne Kasoro

Macho hayana pazia, husema watu,
wakimaanisha mambo mengine.
Mimi nilikwenda Rakvere kwa basi la asubuhi,
barafu imeng'ang'ania vioo,
nikamnunulia Kalju pazia lake:
miwani ya plastiki, nyepesi kama ganda la kitunguu,
yuro tatu na senti tisini.
Risiti nikaiweka, maana namjua.

Akaitundika kwenye msumari
juu ya jiliwa, kati ya msumeno na kalenda ya mwaka juzi.
"Inashika ukungu," akasema.
"Inanibana masikio.
Baba alifua chuma miaka arobaini, macho makavu."
Sikumkumbusha kwamba baba yake, uzeeni,
aliisalimu nguzo ya simu
na kuiuliza kama mguu umepona.

Banda lilikuwa la kuku. Siku za mvua bado linawanukia.
Humo Kalju hukata na kuchomea
vitu ambavyo hakuna aliyemtuma:
bawaba za mlango tusio nao,
kigari cha theluji cha Liisu, mjukuu wetu,
nilichokipaka mimi rangi ya buluu mwezi Januari.
Tone likaruka kutoka kwenye brashi,
likatua kwenye mkono wa miwani palepale msumarini.
Nikaliacha. Angalau, nikajisemea,
leo imekinga kitu.

Grainda ikilia, mimi huacha kufuma.
Nakaa na sindano hewani
hadi chuma kikatike.

Jumanne moja mlio ulikoma katikati.
Koleo likaanguka.
Kisha mluzi.
Kalju hapigi mluzi.
Aliingia, akanawa mikono muda mrefu mno,
akauliza kama viazi vimebaki.

Jumamosi nikaenda bandani kutafuta bisibisi.
Miwani ipo msumarini, ileile,
ila mkono wake ni mweupe.
Tone halipo.
Na Kalju, tangu nimjue, hajawahi kufuta kitu chochote.

Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha maziwa miaka thelathini na mmoja;
najua kinachokosekana hukaa wapi.
Kopo la skrubu. Kopo la nati.
Kopo la vitu visivyo na jina,
na chini kabisa, ndani ya tambara lenye grisi,
tone langu la buluu.
Kioo cha kushoto kilikuwa na nyota.
Katikati ya nyota, kipande cha diski,
cha kijivu, kama ukucha wa mtoto,
kimekita, hakitoki.

Nikaivaa. Nikafumba jicho la kulia.
Banda likapasuka vipande saba
na ncha ikanielekea mboni.

Ajali haina kinga, husema watu walewale.

Nikaifunga tena kwenye tambara,
nikarudisha kopo na vumbi lake.
Kwa hiyo aliivaa. Siku ngapi? Tangu lini?
Kwa hiyo alipanda basi, yeye anayechukia basi,
akasimama mbele ya kaunta kule Rakvere
akatafuta iliyofanana,
akazungusha mikono yake moja moja kwenye mwanga.
Na mimi nilikuwa wapi? Labda nilikuwa nauliza bei ya uzi.

Jioni ile, supu ya kabichi.
"Mbona unanitazama?"
"Nangoja useme kama chumvi imetosha."
Nikahesabu kimyakimya, kama nilivyokuwa nikihesabu fedha za watu,
mara mbili, nisije nikakosea:
moja.
Mbili.
Yote ya kijivu, yote yakifuata mkate.

Asubuhi, kabla hajaamka,
nilivaa buti zake, nikavuka theluji,
nikafungua mkebe wa rangi iliyoanza kuganda.
Tone moja, kwenye mkono wa kushoto.

Hajasema neno, wala mimi.
Grainda inalia.
Nafuma.